Goti Lililosingiziwa Baridi

  Mada ya leo ni maumivu ya viungo yanayowasumbua watoto wenye hemofilia, yaani ule ugonjwa ambao damu hukawia kuganda. Tutaiendea mada hii kwa njia ya historia. Pengine utauliza, historia itamfaa nini mama ambaye mtoto wake amelia usiku kucha akishika goti? Itamfaa sana. Karibu kila kosa tunalolifanya leo na goti la mtoto huyo lilishafanywa zamani, na watu wenye elimu na watu wenye mali, na wako watoto waliolilipia kwa mguu na wengine kwa uhai.

Tuanzie nyumbani. Ni mwezi wa Julai, na baridi ya Dagoretti unaijua mwenyewe, ukungu hauondoki mapema. Mvulana wa miaka saba anaamka goti limevimba na lina joto, hawezi kulinyoosha. Hakuanguka, hakupigwa. Nyanya yake anatazama na kusema, "Hii ni baridi yabisi." Anateleka maji, anachovya kitambaa, anamkanda lile goti kwa mapenzi yote aliyo nayo. Jirani naye analeta tembe za maumivu alizonunua dukani. Kufikia jioni goti limekuwa kubwa zaidi, na mtoto hataki hata shuka limguse.

Hakuna mtu mbaya katika nyumba hiyo. Kila mmoja amefanya alichofundishwa. Hata lugha yetu yenyewe imewafundisha, maana tumezoea kuyaita maumivu ya viungo baridi yabisi, na jina likishataja baridi, mkono unatafuta moto. Lakini ndani ya goti hilo tatizo si baridi. Ni damu.

Kiungo kama goti, kiwiko au kifundo cha mguu kina utando laini ndani yake unaotoa majimaji ya kulainisha mifupa isisagane. Utando huo una mishipa midogo mingi ya damu. Kwa mtoto mwingine, mshipa ukipasuka kidogo damu huganda na mambo huisha bila mtu kujua. Kwa mtoto mwenye hemofilia kali, damu huendelea kuvuja mpaka nafasi yote ndani ya kiungo ijae. Maji ya moto huipanua mishipa, na kukanda huichokoza, kwa hiyo damu huzidi. Isitoshe, chuma kilichomo katika damu hubaki humo ndani na kuuchoma ule utando, nao huvimba na kuotesha mishipa mipya iliyo rahisi kupasuka. Wataalamu husema kiungo kikivuja damu chenyewe mara tatu au zaidi ndani ya miezi sita, basi hicho kinahitaji uangalizi wa pekee. Miaka ikipita, gegedu linalofunika ncha za mifupa huliwa, na kijana wa miaka ishirini anakuwa na goti la mzee wa miaka themanini.

Sasa turudi nyuma. Waliougundua ugonjwa huu kwanza, kwa maoni yangu, ni akina mama, na waliugundua kwa uchungu. Katika Talmudi, mkusanyiko wa sheria za Wayahudi, kuna uamuzi wa karne ya 2: mama ambaye wanawe wawili wamekufa kwa kutahiriwa, mwanawe wa tatu asitahiriwe. Marabi walibishana kama hesabu iwe wawili au watatu. Walitaja pia habari ya dada kadhaa ambao wana wao walikufa mmoja baada ya mwingine, na dada mwingine akaambiwa asimtahirishe wake. Angalia walivyowatazama mama na dada zake. Hawakujua lolote kuhusu jeni, lakini walikuwa wameona njia ambayo ugonjwa unapitia.

Mnamo mwaka 1000 hivi, tabibu Mwarabu Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, Uhispania, aliandika juu ya kijiji ambacho wanaume wake walikuwa wakivuja damu hadi kufa kutokana na majeraha madogo. Mwaka 1803 daktari John Otto wa Philadelphia, Marekani, aliifuatilia familia moja mpaka akamfikia mwanamke aliyeishi zamani karibu na mji wa Plymouth, New Hampshire. Akaandika kwamba wanaovuja damu ni wana wa kiume, na wanaoupitisha ni mabinti wasioumwa.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu ya maneno yanayosemwa katika ploti zetu. Mama mwenye mtoto wa hemofilia huambiwa amerogwa, au ameleta laana katika boma la watu. Ukweli ni huu: mama mwenye jeni hiyo, katika kila mimba ya mtoto wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kumzaa mwenye ugonjwa, na kila binti ana nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba. Hakuichagua. Tena karibu thuluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote ya ugonjwa huu katika ukoo wao. Mabadiliko yameanza kwao wenyewe au kwa mama zao. Na baadhi ya mabinti wanaobeba jeni hiyo huvuja damu nyingi wao pia, hasa wakati wa hedhi na wa kujifungua, kwa hiyo si haki kusema kwamba ni ugonjwa wa wavulana tu. Jambo la kufanya ni hili: kama katika ukoo wenu kuna mwanamume aliyevuja damu kupita kiasi, mwana wako apimwe damu kabla ya tohara, si baada yake. Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti au Desemba watu huwa na haraka.

Tuendelee. Mwaka 1892 mpasuaji Mjerumani Franz König alieleza hatua tatu za goti la hemofilia. Kwanza damu huingia, kisha kiungo kizima huwaka kwa uvimbe, mwishowe hukakamaa na kupinda. Alionya pia kwamba goti hili hufanana sana na kifua kikuu cha viungo, na kwamba kulipasua kwa kosa hilo ni kumtia mgonjwa hatarini. Onyo hilo bado ni la maana kwetu ambako kifua kikuu kipo kweli. Daktari akitaka kupasua au kutoboa goti la mtoto wako, mwambie kwanza habari zote za kuvuja damu unazozijua, hata kama hajakuuliza.

Yuko mtoto mmoja ambaye habari zake zimeandikwa kuliko za wagonjwa wengine wote wa hemofilia. Ni Alexei, mwana wa pekee wa mfalme wa Urusi, aliyezaliwa mwaka 1904. Mama wa bibi yake aliyemzaa mamaye alikuwa Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye mwanawe Leopold alikufa kwa ugonjwa huohuo mwaka 1884, akiwa na miaka 30, baada ya kuanguka. Alexei alikuwa na madaktari wa jumba la kifalme na mabaharia wawili wa kumlinda na kumbeba. Mwaka 1912, wakiwa mahali paitwapo Spala, alivuja damu ndani ya paja na kinena mpaka akakaribia kufa. Alipona, lakini mguu ulibaki umepinda, akachechemea kwa muda mrefu. Ugonjwa huo ulifichwa. Watu wa Urusi hawakuambiwa mrithi wa kiti anaumwa nini. Mama yake, katika kukata tamaa, akamshikilia mganga wa maombi, Rasputin, na mengine unayajua. Alexei aliuawa pamoja na jamaa yake mwaka 1918, na ilikuwa mwaka 2009 tu ambapo uchunguzi wa mifupa ulithibitisha kwamba aliumwa hemofilia aina B.

Sitaji habari hii kwa sababu ya wafalme. Naitaja kwa sababu ya ile siri. Mtoto anayefichwa hafundishwi, na wanaomzunguka hawafundishwi pia. Kule Urusi ilifichwa kwa ajili ya kiti cha enzi. Huku kwetu huwa tunaficha kwa ajili ya majirani, na mwalimu wa darasa la pili anamlazimisha mtoto kukimbia asubuhi ya baridi kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Tembe nazo zina historia yake. Aspirini ilianza kuuzwa mwaka 1899, na kwa miaka mingi ilikuwa dawa ya kwanza mtu akiumwa na viungo. Ni mwishoni mwa miaka ya 1960 tu ambapo watafiti walieleza wazi kwamba aspirini huzidhoofisha chembe sahani za damu, zile zinazoziba tundu la mshipa kwanza, na kwamba kazi hiyo huharibika kwa siku saba hadi kumi. Kwa hiyo kwa vizazi kadhaa mtoto wa hemofilia alipewa, kwa nia njema, kitu cha kuzidisha kuvuja damu. Leo hatuna kisingizio hicho. Tembe nyingi za maumivu zinazouzwa madukani zina aspirini ndani yake zikichanganywa na vitu vingine, kwa hiyo soma karatasi au uliza. Ibuprofeni na diklofenaki nazo asipewe bila ruhusa ya daktari anayeujua ugonjwa wake. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mtoto. Vilevile sindano ya kwenye msuli wa tako isidungwe hivi hivi. Muuguzi aelezwe kwanza.

Kwa muda mrefu kulikuwa na wazo kwamba hemofilia ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1966 madaktari Forbes, Mackay na Khan walichapisha katika jarida moja la Uingereza la tiba za nchi za joto makala juu ya hemofilia nchini Kenya, ya kawaida na ile aina B ambayo huitwa pia ugonjwa wa Christmas. Jina hilo halitokani na Krismasi. Ni jina la mvulana, Stephen Christmas, ambaye damu yake ilisaidia kuitambua aina hiyo mwaka 1952. Kwa hiyo tangu 1966 iliandikwa, kwa wino, kwamba watoto wetu wanaumwa ugonjwa huu. Aina ya kawaida, A, humpata takriban mvulana 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa. Ukizifikiria shule zote kati ya Dagoretti Corner na Mutuini, utaona kwamba hatuzungumzi juu ya mtoto wa mbali. Wengi wetu tunamkumbuka mwanafunzi mwenzetu aliyekuwa akichechemea, akakosa shule wiki nzima, kisha siku moja hakurudi.

Upande wa dawa nitapita haraka. Mwaka 1958 Inga Marie Nilsson wa Malmö, Sweden, alianza kuwapa wavulana fakta, yaani ile protini ya kugandisha damu wanayoikosa, kabla hawajavuja damu. Alikuwa ameona kwamba wale wenye fakta kidogo tu mwilini viungo vyao haviharibiki sana. Mwaka 1964 Judith Pool wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba plazma iliyogandishwa ikiyeyushwa polepole huacha mashapo chini ya mfuko, na mashapo hayo yana fakta nyingi. Hata benki ya damu ya kawaida ingeweza kuyatengeneza. Kufikia miaka ya 1970, Marekani na Ulaya, akina mama walikuwa wakifundishwa kutafuta mshipa na kumpa mtoto dawa mezani nyumbani, badala ya kukimbilia hospitali kila mara. Kisha yakaja maafa: dawa zilizotengenezwa kwa damu ya maelfu ya watu zilibeba virusi vya ukimwi na homa ya ini, na wagonjwa wengi wakafa. Akiwemo Frank Schnabel wa Montreal, aliyelianzisha Shirikisho la Dunia la Hemofilia mwaka 1963. Alifariki mwaka 1987. Tangu katikati ya miaka ya 1980 dawa hizo huchemshwa au kusafishwa kuua virusi. Mwaka 2007 utafiti wa Marekani kwa wavulana wadogo 65 ulionyesha kwamba kati ya waliopewa fakta kwa kinga, asilimia 93 walifika miaka sita bila viungo vilivyochunguzwa kuharibika, ikilinganishwa na asilimia 55 ya waliotibiwa tu baada ya kuvuja damu.

Sisi huku hatukuwa na fakta ya kutosha kwa kinga. Sehemu kubwa ya fakta inayotumika Kenya imekuwa ikija kama msaada kupitia Shirikisho hilo. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina kliniki ya hemofilia, na Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, huduma ilijengwa kwa ushirikiano na wataalamu wa Indiana, Marekani. Wazazi nao wamejipanga. Jose Memba Foundation, kwa mfano, ilianzishwa na Dkt. Maureen Miruka kwa kumkumbuka mwanawe aliyekuwa na ugonjwa huu. Hivyo dawa inaweza kuwepo leo na kukosekana mwezi ujao. Mafunzo ya mama hayakosekani mwezi ujao, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kwamba maumivu ya goti hili ni ya aina mbili, na yanahitaji mambo tofauti. Maumivu ya damu mpya huja kwa saa chache na kuzidi. Mtoto mkubwa atakwambia anasikia kama kitu kinamtekenya au kuchemka ndani hata kabla ya uvimbe. Mdogo atakataa tu kukanyaga au kuutumia mkono. Kiungo kina joto na kimekaza. Maumivu ya zamani, ya kiungo kilichokwisha kuharibika, huwa makali anapoamka au baada ya kutembea mwendo mrefu, lakini hakuna joto jipya, na hupungua akijinyoosha kidogo. Ukishindwa kutofautisha, chukulia ni damu.

Kwa damu mpya: apumzishe kiungo, kiinuliwe juu ya mto, kifungwe bandeji isiyobana sana, na kipozwe. Hapo ndipo maji ya moto yanapokataliwa. Huna friji? Nunua barafu dukani, au pakiti ya maziwa iliyoganda, uifunge kitambaa; usiweke barafu moja kwa moja juu ya ngozi. Dakika 15 hadi 20 zatosha, kisha rudia baada ya saa nne hadi sita. Hata kitambaa cha maji baridi kitamtuliza. Haya yote ni ya kufanya mkijiandaa kwenda kliniki, si badala ya kwenda. Na akigonga kichwa, au shingo au tumbo kuvimba, msingojee chochote.

Maumivu ya zamani yana somo lake. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu kama lango, ambalo hufunguka na kufungika kwa taarifa za maumivu zinazopanda kwenda kwenye ubongo. Hofu, kukosa usingizi na upweke hulifungua. Mchezo, hadithi na kuelewa kinachotokea hulifunga kiasi. Hii haina maana kwamba mtoto anajifanya. Maumivu ni ya kweli; ila mtoto anayejua kwamba goti lake linauma lakini halivuji damu huogopa kidogo, na akiogopa kidogo huumia kidogo.

Ndiyo maana kumlaza kitandani miezi mitatu si kumlinda. Zamani hata hospitalini walifungwa plasta muda mrefu, wakatoka na misuli iliyonyauka, na goti lisilo na msuli huvuja damu upesi zaidi. Joto na uvimbe wa damu mpya ukishatulia, na mtaalamu wa fiziotherapia akikubali, mweke taulo lililokunjwa chini ya goti, aligandamize kwa kukaza paja, ahesabu hadi tano, aachie. Mara kumi, asubuhi na jioni. Haligharimu kitu.

Mnunulie pia daftari. Andika tarehe, kiungo gani, kilianza saa ngapi, alipewa nini. Kwa mtoto asiyejua kueleza, chora nyuso sita, kuanzia inayocheka hadi inayolia machozi, aonyeshe yake kwa kidole. Mbinu hiyo ilibuniwa na Donna Wong na Connie Baker huko Oklahoma miaka ya 1980, na inafanya kazi hata kwa kalamu ya risasi. Daftari hilo litamwonyesha daktari kiungo kinachorudiarudia kuliko maneno yoyote. Watoto wengi huficha maumivu kwa kuogopa sindano, au kukatazwa mpira. Ukimgombeza kwa kuumia, mara ya pili hatakwambia.

Siku hizi iko dawa ya kudungwa chini ya ngozi, emisizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa aina A, na imeanza kufika katika baadhi ya nchi zinazopokea msaada. Waulize kliniki kuihusu. Lakini hata hiyo hairudishi gegedu lililokwisha kuliwa.

Na siku ya kliniki, nenda na nyanya. Mpande naye matatu ya kuelekea Kenyatta, aketi mbele ya daktari, aisikie kwa masikio yake habari ya damu iliyo ndani ya goti, aulize anachotaka. Yeye ndiye hukaa na mtoto ukiwa kazini, na mikono yake ndiyo inayofika kwanza kwenye goti hilo asubuhi ya Julai.